Maumivu Mawili, Mstari Mmoja wa Chai

Siku ya kuniaga nikistaafu, wenzangu, mlipomaliza kunivisha shuka na kunilisha keki kwa zamu kama mtoto wa siku arobaini, mdogo wenu kabisa aliniinamia sikioni akasema, "Madam, usiende na hizo hadithi zako zote." Nikamwahidi nitaziacha. Sasa nimekaa nyumbani mwezi mzima. Nimepogoa kila kinachopogoleka, nimepanga upya vikombe vya mama mkwe, na mume wangu ameanza kuniuliza kwa upole kama hospitali hazihitaji watu wa kujitolea. Basi naandika.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja vyenyewe kama mvi, na havikunisaidia kumnyoosha mtu goti hata moja. Mshahara mnaujua. Nitawaambia habari za kazi.

Nilifika idara ya fiziotherapia nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likaweza kusimama bila mimi. Idara yenyewe ilikuwa mwisho wa ujia, katikati ya dobi na jikoni, hivyo tulinukia sabuni asubuhi na kabichi mchana. Ndani nilimkuta mtu mmoja mwembamba, kofia ya kitani kichwani, amepanda juu ya kiti anafunga kamba ya katani kwenye kapi la mazoezi ya bega. Huyo ndiye Mzee Abdalla, mwalimu wangu. Alikuwa mzaliwa wa Nyeri mjini kutoka ukoo wa Waislamu wa zamani waliokuja kwa biashara wakaoa wakabaki, na Kiswahili chake kilitiririka kama asali wakati changu kilikuwa bado kinagonga mawe. Ijumaa adhuhuri aliniachia idara akaenda msikitini. Krismasi mimi nilimwachia yeye. Miaka kumi na minne hatukuwahi kugombania likizo, na naambiwa hilo ni jambo la kuandikwa.

"Binti," aliniambia siku ile ya kwanza bila kushuka kitini, "mikono yako ikoje?"

"Iko safi, Mzee."

"Sikuuliza usafi. Njoo."

Akashuka, akanishika vidole, akavirudisha haraka kama mtu aliyeshika chura. Ulikuwa mwezi wa saba. Nyie mnaoujua mwezi wa saba wa Nyeri mnajua kwamba ukungu huingia hadi ofisini na kuomba kiti. Akanipeleka kwenye karai la maji ya moto, tukaloweka mikono pamoja kimya, kama watu wanaosali. "Mgonjwa mwenye maumivu," akasema, "ukimgusa na barafu, mwili wake unafunga mlango. Na wewe utaandika kwenye faili: mgonjwa hashirikiani." Hilo la maji ya moto nimelifanya kila asubuhi tangu siku hiyo. Birika nililowaachia pale dirishani si la chai.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutouliza "wapi panauma" kabla ya kuuliza "jana ulifanya nini tangu ulipoamka." Watu wetu hawajui kusimulia maumivu, ila kazi wanaisimulia kwa raha zao. Mwulize mkulima maumivu ni mangapi kati ya moja na kumi, atakwambia tano kwa adabu tu. Mwulize ni madebe mangapi ya maji aliyobeba jana na alipumzika wapi, utapata uti wa mgongo wake wote.

La tatu lilikuwa desturi ya wagonjwa wenyewe. Aliyepona huja kuaga, na haji mikono mitupu. Huleta maparachichi, mayai kwenye sufuria ya maharagwe yasivunjike, viazi vitamu, na mara moja jogoo aliyetoroka akakaa siku mbili chini ya kitanda cha kuvutia shingo. Rekodi zetu za matibabu zilikuwa mbaya, lakini menyu ya chakula cha mchana ilieleza kila kitu.

Kwa desturi hiyo nilinaswa. Mwaka wangu wa pili alikuja Wanjira, fundi cherehani kutoka Kerugoya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mikono ya kupendeza. Aliumwa shingo, mabega, nyonga, magoti, nyayo. Shuka likimgusa usiku anaumwa. Analala kwa saa nane nzima anaamka kama aliyelimishwa. Picha za eksirei zilikuwa safi, damu safi, na mtu fulani kabla yangu alikuwa ameandika kwenye faili kwa wino mzito: *Hana kitu.*

Nikaliamini faili. Nilikuwa kijana, nina nguvu, nina koti linalosimama. Nikampandisha baiskeli ya mazoezi, nikamvutisha kapi, nikamwambia, "Jikaze, mama, mwili huu unadanganya." Alikuja mara tatu. Mara ya nne hakuja.

Baada ya wiki mbili Mzee Abdalla akauliza, "Fundi wako wa Kerugoya yuko wapi?"

"Nafikiri amepona, Mzee."

"Alileta nini?"

"Hakuleta kitu."

"Basi hajapona. Amechoka na wewe."

Miaka ikapita. Mzee Abdalla alistaafu, akafungua duka la viungo vya pilau, na huko nako wateja wakawa wanaondoka na mdalasini pamoja na mazoezi ya goti. Mimi nikaendelea, hadi siku moja nikatumwa semina Murang'a. Nilienda kwa ajili ya chakula, siwafichi. Kabla ya chakula mama mmoja alisimama akaeleza ugonjwa unaoitwa fibromayaljia. Maumivu ya mwili mzima kwa miezi mitatu au zaidi. Usingizi usioshibisha. Uchovu. Akili kujaa ukungu, maneno kupotea mdomoni. Vipimo vyote safi. Wala si uongo, wala si uvivu, wala si mawazo. Akasema ni kama kipaza sauti cha kanisa ambacho mtu amekipandisha akasahau. Maneno ya mhubiri ni yale yale, lakini sasa yanatikisa mabati. Mishipa ya fahamu ya mgonjwa wa fibromayaljia imepandishwa sauti hivyo, na mguso mdogo unafika ubongoni kama ngumi.

Nyama ya mbuzi ilipoletwa sikuweza kuila. Nilimwona Wanjira juu ya baiskeli yangu. Niliporudi nilimwandikia barua kupitia kanisa lililokuwa kwenye kadi yake. Haikujibiwa. Hiyo ndiyo menyu ya siku hiyo, na nimeila peke yangu tangu wakati huo.

Lakini nilijifunza. Kwanza unahakikisha hujapitwa na kitu kingine: tezi ya shingo, upungufu wa damu, baridi yabisi, kisukari, dawa anazotumia. Kisha unamweleza mgonjwa kipaza sauti. Kisha usingizi. Kisha mwendo mdogo, unaoongezwa punje kwa punje kama mtu anayelisha kifaranga. Nikapata wagonjwa wengi wa aina hiyo, nikawa hodari, na watu wakawa wananitumia rufaa kutoka mbali. Nawaambia haya ili mwone jinsi mtu anavyojiandaa kukosea.

Korona sitaieleza. Mlikuwepo. Mnakumbuka tulivyowageuza watu kifudifudi, tukawafundisha kuvuta pumzi kana kwamba ni somo jipya. Nitaeleza kilichofuata, pale ugonjwa ulipokuwa kama mgeni aliyeaga akaondoka, lakini viatu vyake ukaviona bado viko kwenye kibaraza.

Mmoja wa wenye viatu hivyo alikuwa Wamaitha, mkulima wa chai kutoka Tetu, miaka arobaini na mbili. Mumewe ni bawabu Nairobi, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Wamaitha hakulazwa. Aliugua korona chumbani kwake siku kumi, akapona, akaimba kanisani. Miezi minne baadaye akaanza kudondoka. Alichoka bila kazi, akaumwa kila mahali, akalala bila kupumzika. Aliwatilia chumvi kwenye chai wageni wa ushirika wa akina mama, nao wakainywa yote kwa heshima. Asubuhi moja aliwaambia watoto kwamba ng'ombe ameshakamuliwa, na ng'ombe akasimama zizini akimlilia hadi saa sita.

Moyo ulipimwa, ukawa mzima. Mapafu yalikuwa mazima. Kile kipimo cha kubana kidoleni kilionyesha oksijeni nzuri kuliko yangu. Nikaosha mikono kwa maji ya moto, nikamgusa mabegani, juu ya nyonga, ndani ya magoti. Kila mahali aliruka.

Moyoni nikasema: huyu namjua! Nikampa ratiba yangu maarufu. Wiki ya kwanza atembee hadi getini. Ya pili hadi kanisani. Ya tatu hadi kituo cha kuuzia chai, kule juu barabarani. Wiki mbili za mwanzo alirudi akitabasamu, nami nikaandika kwenye faili, kwa wino mzito: *Maendeleo mazuri.*

Wiki ya tatu hakuja. Alikuja ya tano, ameshikiliwa mkono na dadake.

"Daktari, nilifanya vile ulisema," akaanza. "Jumatano niliamka nikiwa mzuri sana. Nikapanda hadi kituoni. Sasa niliposikia niko na nguvu, nikaongeza kidogo."

"Kidogo gani?"

"Mistari miwili ya chai."

"Wamaitha!"

"Lakini haikuniuma! Alhamisi pia nilikuwa sawa. Ijumaa ndiyo sikuweza kuinua kikombe. Nimelala siku tisa. Hata mwanga wa dirisha ulikuwa unanipiga."

Sisi watu wa huku mlimani tuna ugonjwa mmoja ambao hauko kwenye vitabu. Tukipata nafuu asubuhi, tunataka kumaliza kazi ya mwezi kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu mvua haingoji na jirani anaona. Hilo nililijua, mimi ni wa huku huku. Na Mzee Abdalla alinifundisha kuuliza kuhusu jana, nami nikauliza, kila mara. Kosa langu lilikuwa jingine. Sikuwahi kuuliza kuhusu siku ya tatu.

Ninyi mmeshasoma haya, lakini mimi ilinibidi niyatafute. Wapo watu ambao korona imewaachia mwili wenye kisasi. Wakivuka mpaka wao leo, mwili haulalamiki leo. Unangoja siku moja, mbili, halafu unawaangusha. Kwa watu hao, ile punje kwa punje yangu, iliyowafaa wengi wenye fibromayaljia, inaweza kuwa kuni kwenye moto. Na wapo ambao wana yote mawili, au moja lililofungulia lingine mlango. Wanaumwa pale pale, wana ukungu ule ule, usingizi ule ule usio na faida, vipimo vile vile safi. Ukiwapanga kwenye benchi huwezi kuwatofautisha.

"Sasa mimi niko na gani?" Wamaitha aliniuliza. "Ni korona ama ni hiyo fibro?"

"Inaweza kuwa korona iliyoleta hiyo nyingine. Inaweza kuwa mbili zinazofanana. Wasomi bado wanabishana."

"Wakimaliza kubishana wanipigie simu. Chai inakomaa."

Nilimwomba msamaha kwa ratiba yangu. Kisha nikamwambia jambo gumu kuliko yote niliyowahi kumwambia mkulima: aache kazi akiwa bado na nguvu za kuendelea. Afanye dakika ishirini, alale kumi, hata kama anajisikia kama ndama. Alinitazama kana kwamba nimemwagiza akaibe sadaka.

"Watu wataniona nimekaa," akasema.

"Wakuone."

"Wewe hujui." Akanieleza. Walikuwa wanawake saba kwenye ngwatio, ule ushirika wa kupokezana kazi ambao mama zetu walitulea nao. Kila Jumanne wanachuma chai kwa mmoja wao, wote, na wiki inayofuata kwa mwingine. Ukikosa mara mbili bila msiba wala kujifungua, unatolewa. Yeye alikuwa amekosa mara tano. Jumanne iliyokuwa inakuja zamu ilikuwa kwake, na mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba watachuma kwa mara ya mwisho, kisha waseme kama anabaki au anatolewa.

"Si unaweza kumwajiri mtu akachuma?" nikamwuliza.

"Kuchuma naweza kuajiri mtu. Kuitwa mvivu siwezi kuajiri mtu aitwe." Akakunja leso yake mara nne, akaikunjua. "Nilizaliwa hapo, daktari. Nikitolewa ngwatio, hata kwa maziko yangu watakuja wamechelewa."

Jumanne hiyo gari letu la kliniki ya mashinani lilikuwa linapanda zahanati ya Tetu. Nikadandia. Mnaonisoma mkiwa na fomu ya ruhusa mkononi, samahani. Nilishuka kwa miguu kupitia migomba na majani ya nepia ya ng'ombe hadi shambani kwa Wamaitha, saa tatu asubuhi, umande bado unameta na Mlima umejitokeza wote, mweupe kichwani, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Wanawake walikuwa ndani ya chai hadi kiunoni, aprani za plastiki mbele, vikapu mgongoni. Vidole vyao vilikuwa vinaruka, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, na midomo yao ikienda mbio kuliko vidole. Waliponiona na koti jeupe wakahamia Kiswahili papo hapo. Huku kwetu mtu wa serikali huongeleshwa Kiswahili hata kama mlichunga mbuzi pamoja.

"Ona, mgonjwa ameleta wakili!" akapaza sauti mmoja, kijana, anaitwa Nyawira.

"Karibu, daktari," akasema mwenyekiti, mama mnene kidogo wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya kuamuru hata inaposalimia. Huyo ndiye Mama Kabui. "Umetuletea ile sindano ya uvivu?"

Wakacheka hadi chai ikatikisika. Wamaitha alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kikapu kitupu mkononi, hajui kama akivae au akiweke chini.

Nikaenda kuwasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Kazi hii mikono ndiyo macho yake. Watano walinishika kwa nguvu ya wachumaji. Mama Kabui alinipa ncha za vidole tu, akazirudisha upesi.

Nikawaeleza. Nikawaeleza vibaya kwanza, kama semina, hadi Nyawira akapiga miayo. "Hata mimi nilikuwa na korona," akasema. "Nililala siku nne nikarudi shamba. Yeye ni wa dhahabu?"

"Mvua ilinyesha moja," nikamwambia. "Shamba lako liko mteremkoni, likakauka jioni. Lake bado ni tope. Ukiingia na jembe kwenye tope unaharibu shamba, si ndiyo?"

Tope walilijua.

"Sisi wote tunaumwa," Mama Kabui akakata. "Nani hapa hajaumwa? Siku utaamka hakuna mahali panauma, jua umekufa."

Kicheko tena, na Nyawira kwa furaha akampiga mwenyekiti kofi la begani. Nilikuwa namtazama. Macho ya Mama Kabui yalifumba, meno yakabana, kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akacheka kuliko wote. Ndipo nikaona ule mkanda wa kikapu chake. Wenzake walikuwa wamevaa mikanda mitupu. Wake ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha sweta kuukuu mara tatu, mara nne, mnene kama mto wa mtoto.

Nikatoa pendekezo langu. Wamaitha asichume. Akae kivulini juu ya gunia, achambue majani, atoe yaliyokomaa na mabua kabla hayajapelekwa kituoni, dakika ishirini kisha apumzike kumi. Kazi hiyo lazima ifanywe na mtu, na hiyo iwe zamu yake mashambani kwa wote.

"Kuchambua?" Mama Kabui akanitazama kwa huruma. "Daktari, hiyo ni kazi ya cucu, nyanya asiye na meno. Ngwatio ni mgongo. Asiyeleta mgongo hana zamu. Tukimaliza huu mstari wa mwisho tutasema."

Wakarudi kwenye chai. Wamaitha, labda kwa kunitii, labda kwa kukosa pa kwenda, alitandika gunia kando ya ukuta wa nyumba, akamwagiwa majani ya kwanza, akaweka saa ya mezani kando yake, akaanza. Hakuinua uso.

Nilienda kwenye tangi la maji nyuma ya jikoni kunawa. Baada ya kidogo Mama Kabui akaja na kikombe cha bati. Alikunywa taratibu sana kwa mtu mwenye haraka.

"Miaka mingapi?" nikamwuliza.

"Miaka gani?"

"Hayo mabega."

Akageuza kikombe, akamwaga tone la mwisho, akalitazama likizama. "Tangu Kabui akiwa darasa la tatu," akasema hatimaye, na Kiswahili cha serikali kikamtoka, akashuka kwenye Kigikuyu. "Sasa Kabui ana watoto wawili. Mabega, mgongo, hapa, hapa, na hapa. Nilienda hospitali mara mbili. Mara ya kwanza wakasema hakuna kitu. Mara ya pili wakasema nipunguze mawazo. Mawazo ninayapunguzaje, nimeyapanda mimi?"

"Unalala?"

"Nafunga macho." Akatazama kule Wamaitha alikokaa. "Huyu ameugua mwaka mmoja, ameletewa daktari mpaka shambani. Ugonjwa wake una jina, ulitangazwa redioni kila jioni. Mimi ningesimama niseme nini? Kwamba naumwa tu? Mwenyekiti?"

"Na wako una jina," nikamwambia. Nikamtajia lile nililodhani. Nikamwambia lazima tumpime kwanza, damu na tezi na mengine, lakini nimewaona wengi na sidhani kama anadanganya.

Akalijaribu lile neno mdomoni mara mbili, likamshinda, akaliacha. "Ni kama wa Wamaitha?"

"Ni majirani wanaotumia ukuta mmoja. Hebu niambie. Ukichuma sana leo, kesho kutwa unakuwaje? Unaanguka kama yeye?"

"La. Naumwa kama kila siku. Mimi nikikaa kabisa ndiyo nakauka kama ngozi juani. Nikitembeatembea nafunguka kidogo. Kinachoniua ni kikapu, na kujifanya hakiniui."

Wenzangu, liandikeni hilo mahali. Wanawake wawili, mstari mmoja wa chai, maumivu mahali pale pale, na dawa ya mmoja ingemlaza mwenzake siku tisa. Msitibu jina. Jina ni la kumpa mgonjwa heshima yake, na heshima ni nusu ya usingizi. Lakini kiasi cha kazi mpimieni kwa siku ya tatu, na kila mmoja kwa yake.

Sikumwambia Mama Kabui aseme neno kwa wenzake. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata kama ingeokoa kesi ya mwingine. Nilimpa tarehe ya kliniki kwenye kipande cha karatasi, akakiingiza kifuani bila kukisoma, akaondoka akitembea kama jenerali.

Mstari wa mwisho ukaisha. Wakaja kivulini mmoja mmoja, wakamimina vikapu juu ya gunia, wakabaki wamesimama nusu duara wakijifuta shingo. Rundo lilikuwa kubwa kuliko Wamaitha. Saa ya mezani ikalia. Akaiua ile kengele haraka, akaendelea kuchambua badala ya kupumzika. Nikataka kumkemea, nikashindwa. Hakuna mtu anayepumzika mbele ya watu wanaokuja kumhukumu.

Mama Kabui alikuwa wa mwisho. Alimimina chai yake. Akavua kikapu, akakiweka chini, na kile kitambaa cha sweta kikaning'inia nje, wote wakakiona.

"Mwenyekiti," akasema Nyawira, "tuseme sasa?"

Mama Kabui alimwinamia Wamaitha, akaichukua ile saa, akaitazama kama anayeikagua, akaitia mfukoni mwa aprani. "Hiyo imelia," akamwambia. "Si uliambiwa ulale ikilia? Lala." Kisha akashika ukuta, akateremsha goti moja, akavuta pumzi, akateremsha la pili. "Na usogee."

Wamaitha akasogea, akajilaza ubavu pembeni mwa gunia, mkono juu ya macho.

Mama Kabui akaingiza mikono yote miwili kwenye rundo, akaanza kutoa mabua.

"Mama, kwani umechoka?" Nyawira akauliza, na safari hii hakuwa anacheka.

"Nimechoka tangu wewe ukiwa na kamasi. Kuna mistari miwili kule chini mmeiruka, mlidhani sioni. Chukua kikapu changu."

Nyawira akakitazama kile kikapu, akakitazama kile kitambaa. Akakivaa, akashuka kuchuma, na wengine wanne wakamfuata.